Kwa vijana wa chama chetu pale sokoni Nakuru, kabla hamjagawana hiyo pesa

Wanangu na wajukuu wangu,

Tangu Jumapili usingizi umenikataa. Nimeandika hii barua kwa simu mara tatu nikifuta, mwisho nimeonelea niiache wazi kila mtu aisome, ju najua si chama chetu peke yake kiko na hii shida, hata wenzangu wa Kibuye kule Kisumu na wale wa Bungoma nikiwapigia wananiambia vijana wao wanaongea hivyo hivyo. Mimi ndiye yule mnaniita Shosho wa Mahindi. Nimeuza nafaka Nakuru tangu 1986, mahindi, maharagwe, ndengu, wimbi, na hiki chama tulikianzisha Februari 2003 tukiwa wamama 9, kila mtu shilingi 50 kwa siku, tunaweka kwa mkebe wa Kimbo na funguo ya sanduku inakaa kwa mtu mwingine.

Jumapili nimeketi pale nyuma ya stoo yangu nikawaona mkiinua mikono. 17 wanataka chama kivunjwe, 11 hawataki, 3 hawakuja. Kuna shilingi 620,000, kila mtu achukue 20,000 mwisho wa mwezi aende zake. Zaidi ya miaka 20 ya jasho la watu, na mazungumzo yakachukua dakika 40, tena wengine wenu mlikuwa mnaangalia simu.

Kilichoniuma zaidi ni sababu mlizotoa. Wengine walisema pesa igawanywe kwa sababu kura ya 2027 inakuja, serikali ikibadilishwa kutakuwa na vita, afadhali kila mtu ajifiche na yake. Wengine nao wakasema igawanywe kwa sababu serikali ikibadilika biashara itafunguka, tutakaa na pesa imelala ya nini. Huyu anaogopa, yule anatumaini, na wote wakaona dawa ni ile ile moja, kuvunja chama. Nikawaangalia nikakosa la kusema, ndiyo maana nasema sasa.

Halafu yule kijana wa viazi. Jina lake sitaji, anajijua. Ako na deni la chama la 80,000 tangu mwaka jana na hajarudisha hata elfu moja. Alisimama mbele ya wamama wa umri wa mamake akasema halipi sai, anangoja kura, ati serikali inayokuja itafuta madeni yote ya mahasla, watu wa kujitafutia kama sisi. Na mkampigia makofi.

Mwanangu, nani alikudanganya? Hiyo stori najua ilitoka wapi. Novemba 2022, serikali mpya ikiwa na miezi miwili, Benki Kuu ilitangaza mpango wa wale waliokwama na mikopo ya simu, benki ziwapunguzie angalau nusu ya deni na wao walipe iliyobaki mpaka mwisho wa Mei 2023. Mlisikia nusu ya kwanza ya habari mkaacha nusu ya pili, kulipa. Tena hayo yalikuwa madeni ya benki. Hizi zako 80,000 si za benki, ni za mama wa sukuma ambaye amepanga kupeleka mtoto sekondari, ni za yule fundi wa viatu pale kona, ni zangu. Rais gani atakuja kufuta deni la mama wa sukuma? Akilifuta, nani atamlipa huyo mama? Jibu hilo swali kwanza ndiyo uendelee kungoja kura.

Hata deni la nchi haliendi nyumbani na rais anayetoka. Mwaka 2014, wakati wa Rais Uhuru Kenyatta, Kenya ilikopa kwa ile bondi ya nje, na dola bilioni 2 za hiyo bondi zikatakiwa kulipwa Juni 2024, Ruto akiwa ndiye ameketi. Watu wakaogopa tutashindwa, dola ikapanda mpaka karibu shilingi 160 mwezi wa Januari 2024, mkumbuke bei ya mafuta ya kupika na simu na mitumba wakati huo. Mwezi wa Februari serikali ikakopa bondi nyingine kwa riba ya juu ikalipia sehemu kubwa ya ile ya kwanza, shilingi ikapumua, ikarudi kwa 130 hivi. Mnaona vile imeenda? Mwingine alikopa, mwingine akakopa ndiyo alipe, na anayelipa kabisa ni wewe ukinunua lita ya mafuta. Sai deni la nchi limepita trilioni 11. Mtu yeyote mtakayemweka pale Agosti 10, 2027, awe malaika, ataamka asubuhi ya kwanza akute hilo deni limeketi mezani. Sisemi hivyo mkate tamaa. Nasema mnapomsikiliza kwa jukwaa muulize hiyo pesa ataitoa wapi, na asipojibu msijibu kwa niaba yake.

Sasa hapa mnivumilie ju hii ndiyo kazi yangu. Nyinyi mnauza nguo na viazi na kava za simu, mimi nauza chakula, na kuna kitu nimekiona miaka mingi na sijasikia mwanasiasa akikisema. Kura yetu siku hizi inakuja Agosti. Agosti mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu yako wapi? Yako shamba, mabichi. Yale ya mwaka uliopita yameanza kuisha kwa wakulima kutoka Mei hivi, yaliyobaki yako kwa watu wachache wenye stoo kubwa, bei inapanda kila wiki. Kuvuna kwenyewe ni Oktoba kuendelea mpaka Desemba. Kwa hivyo kila tukienda kupiga kura tunaenda unga ukiwa juu na tumbo limekasirika, na wao wanajua. Mei 2017 wakaleta unga wa serikali, pakiti ya kilo 2 kwa shilingi 90. Mnakumbuka zile foleni? Julai 2022, wakati pakiti ilikuwa imepita 200, wakaleta wa 100. Mimi nilikaa na magunia siuzi, nani atanunua mkebe wangu wa gorogoro wa mahindi na kuna unga wa mia kwa duka, kama ataupata. Kura ikapita, unga wa mia ukapotea. Halafu mvua ikiwa ilikuwa nzuri, Novemba na Desemba mahindi yanaingia, bei inateremka yenyewe, na yule aliye kwa kiti anasimama anasema mnaona nimeshusha unga. Aliyeshusha ni mkulima wa Kitale aliyelima Februari akapanda Machi.

Sikatai serikali inaweza kusaidia. Ile mbolea iliyotangazwa siku ya kuapishwa Septemba 2022, kutoka 6,500 mpaka 3,500 kwa gunia, na baadaye ikafika 2,500, ilisaidia, wakulima wangu waliniambia na nikaona kwa magunia waliyoniletea. Lakini 2024 wakulima wakauziwa mbolea feki ndani ya mpango huo huo wa serikali, mtu anaweka mchanga shambani akidhani ni mbolea. Na siku moja tu baada ya kuapishwa, bei mpya ya mafuta ikasomwa usiku, petroli Nairobi ikatoka 159 ikaenda 179, dizeli ikatoka 140 ikaenda 165. Kulikuwa na kijana wa boda pale stage alikuwa amechora wilbaro, alama ya chama cha Ruto, kwa pikipiki yake, alikesha akisherehekea, asubuhi akaja kwangu kuomba nimkopeshe pesa ya mafuta. Nilimpa. Sikumcheka na nyinyi msimcheke. Alikuwa ametumaini kwa moyo wote, kosa lake lilikuwa kununua pikipiki ya pili kwa mkopo mwezi wa Julai kwa sababu aliambiwa mambo yatabadilika Septemba. Ilichukuliwa.

Mimi pia nimewahi kutumaini hivyo, wacha niwaambie. Desemba 2002 KANU ikatoka, miaka 39 imekuwa pale, Kibaki akaapishwa akiwa kwa kiti cha magurudumu, watu Uhuru Park hawana hesabu. Mliokuwa hamjazaliwa hamuwezi kujua ile hewa. Watu walikuwa wanamkamata askari wa trafiki wenyewe wakimwona akila hongo barabarani! Na mazuri yalikuja, Januari 2003 shule ya msingi ikawa bure, kitinda mimba wangu akaingia darasa la kwanza bila mimi kuuza hata gunia moja, mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge akaingia standard one kule Eldoret akiwa na miaka 84. Hayo yaliletwa na kura na mtu asiwaambie kura haifanyi kitu. Lakini mimi katika ile furaha nilitoa magunia 22 kwa deni, kila mtu ananiambia mishahara itaongezwa mama, mambo ni mapya. Walionilipa walilipia magunia 9. Zile 13 hazikurudi mpaka leo. Ndiyo sababu Februari hiyo tukaanza chama, tulikuwa tumeelewa kwamba serikali mpya ni nzuri lakini kesho asubuhi bado unahitaji pesa ya lori.

Na wale wa kuogopa, nawaelewa zaidi, ju niliyoyaona ni makubwa. Baada ya kura ya Desemba 1992 pesa ilikuwa imemwagwa kwa kampeni mpaka noti ya 500 tukaiita Jirongo, jina la yule kiongozi wa vijana wa kampeni ya KANU, na 1993 bei zikapanda karibu asilimia 46 kwa mwaka, akiba yangu ya miaka saba ikanunua nusu ya kile ningenunua. Hiyo nilivumilia.

2008 ndiyo sikutaka kuandika. Nilikuwa na magunia 64. Ijumaa ya Januari 25 vile vita vya baada ya kura ya 2007 vikaingia Nakuru, kufika Jumapili stoo ni majivu, na kitabu cha wadeni kikaungua ndani, kwa hivyo hata walionidai na niliowadai wote tukawa sawa. Nililala Showground na watoto wangu kwa hema. Msiniulize nani alichoma. Nchi nzima watu 1,133 walikufa kwa hesabu ya tume ya Jaji Waki iliyochunguza hivyo vita, na uchumi uliokuwa unakua karibu asilimia 7 ukaanguka chini ya 2. Wakubwa wakasaini mkataba Februari 28, wakagawana mawaziri. Mimi nikapata ile 10,000 ya kuanzia maisha, nashukuru, kuna wengi hawakuipata, lakini haikulipa hata lori.

Mwezi wa tatu wakakuja wamama 6 wa chama kunitafuta kwa hema. Kati yao kulikuwa na Mkikuyu, Mkisii, Mluhya, Mkalenjin na Mjaluo, wakati watu wa hayo makabila walikuwa hawawezi kupanda matatu moja. Walikuwa wameficha ule mkebe, sitasema wapi. Ndani kulikuwa na 47,000. Wakanipa 30,000 bila riba na bila karatasi, nikanunua magunia 18, nikarudi sokoni nikiwa na kibanda cha nailoni. Mimi hapa mnaniona nikiwa na stoo, na msichana wangu ni nesi, ni hiyo 30,000. Hiyo pesa mnayosema imelala ndiyo iliniamsha. Kwa hivyo mtu akiniambia tuvunje chama kwa sababu kunaweza kuwa na vita, nashindwa hata kupumua. Vita vikija, Mungu apishie mbali, hiyo 20,000 yako itakuwa imeisha kitambo na hutakuwa na mtu wa kukutafuta kwa hema.

Tena niwaambie jambo lingine linanikasirisha, na hapa sitapunguza sauti. Mnaongea juu ya kura kama harusi, siku moja, vigelegele, halafu mnaenda kulala miaka mitano. Katiba ya 2010, kifungu cha 201, inasema mambo ya pesa ya umma yawe wazi na wananchi wahusishwe. Kila mwaka kabla Aprili kuisha makadirio ya bajeti yanapelekwa bungeni na kwa kaunti, na Juni yanapitishwa. Mwaka uliopita nilienda kwa mkutano wa bajeti, ukumbi, viti vya plastiki, nikahesabu watu wa umri wenu nikapata 4, na 2 kati yao walikuja kuuza karanga. Siku hiyo ndiyo ada ya gunia linaloingia sokoni ilisomwa. Hiyo hiyo mnayolalamikia kila asubuhi mkibishana na yule askari wa kaunti pale geti. Mimi niliinua mkono nikapinga, mzee mmoja wa mboga akapinga, basi. Sauti mbili za wazee. Wakaandika wakaenda.

Na msidhani sijui mliyoyafanya. Juni 25, 2024 mlisimama nchi nzima, hapa Nakuru na Kisumu na Kakamega, mkakataa ule Mswada wa Fedha, mwanzoni hata mkate ulikuwa unatakiwa kuwekewa kodi ya asilimia 16, na kesho yake rais akakataa kuutia sahihi. Vijana waliuawa. Nililia kama mzazi na nilijivunia kama mzazi. Lakini Desemba ya mwaka huo huo, watu wakiwa wanatafuta nauli ya Krismasi, sheria nyingine ya kodi ikatiwa sahihi na baadhi ya yale mambo yakarudi, na barabara zilikuwa kimya, hata hapa sokoni hakuna aliyeuliza. Mlikuwa wapi wanangu? Hiyo ndiyo siku nilitaka kuwaona mkisoma karatasi kama mlivyosoma Juni.

Sisi wazee pia tumewaharibu. Mlituona tukipanga laini kwa 200 na leso, mkaona mama anaimbia mtu ambaye jana alimwita mwizi, mkajifunza kwamba kampeni ni msimu wa mavuno. Wanasiasa wanahama vyama asubuhi na jioni na sisi tunawapokea na ngoma. Mimi mwenyewe leso mbili niko nazo nyumbani, moja ya 2013 na moja ya 2017, na nawaomba msamaha kwa hilo.

Dada yetu wa omena kutoka Kisumu aliniuliza swali Jumapili mkishaondoka. Tangu walipomlaza Raila pale Bondo Oktoba 2025, anasema hajui sasa kura yake inaenda wapi, amempigia tangu 1997, babake alimpigia Jaramogi. Nilimshika mkono tu. Matumaini ya watu wengi upande ule yalikuwa kwa mtu mmoja na huyo mtu hayuko. Msimfanyie mzaha kwa grupu, nimeona meseji za mtu fulani na nimeudhika sana.

Mengine nayataja tu, mtajaza wenyewe. Jiandikisheni kwa IEBC, ile tume ya uchaguzi, 2022 waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 22 na karibu milioni 8 hawakutokea, na tofauti ya washindani wawili ilikuwa 233,211. Kitambulisho hakiuzwi wala hakiwekwi rehani. Usichukue bidhaa kwa deni la kulipwa Agosti au Septemba ya mwaka wa kura. Stoku igawe, isikae yote mahali pamoja. Kitabu cha wadeni piga picha utume kwa mtu wako wa nyumbani. Hustler Fund, ule mkopo wa serikali wa simu, ukichukua ni siku 14, lipa. Ukitumiwa meseji ya kabila fulani limepanga hivi, ikufie mkononi. Usiache kazi ukafuate msafara wa mtu ati utapewa kazi akishinda.

Mwisho wa mwezi bado siku 9. Kitabu cha chama kiko kwangu, hiki cha sasa na kile cha kwanza cha 2003 ambacho mama mmoja alikificha pamoja na mkebe, kina alama za vidole za wawili ambao hawakujua kuandika na sasa wamelala makaburini. Jumapili saa nane nitakuwa pale stoo. Kutakuwa na chai na mahindi ya kuchemsha, mabichi yameanza kuingia. Nataka kila mtu aguse hicho kitabu kwa mkono wake ndiyo tupige kura tena, na nikishindwa tena nitahesabu hizo 20,000 mimi mwenyewe niwape mmoja mmoja, sitamnyima mtu haki yake.

Na wewe kijana wa viazi, usiogope kuja. Kuja hata na 2,000, tuandike.

Ni mimi mama yenu,
Shosho wa Mahindi